Paa ni la mwenye nyumba, lakini mahindi ni yako

Mmezoea nikiandika kuhusu mbegu, mbolea na viwavijeshi. Leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengine wataona si la Bwana Shamba: nyumba ya kupanga inayovuja, na mwenye nyumba ambaye kila ukimkumbusha anakujibu "subiri kidogo".

Ninaliandika kwa sababu ni jambo la kilimo kabisa. Mkoa wetu wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Mahindi tunavuna kiangazi. Kwa hiyo mahindi tunayoyatunza tukisubiri bei ipande, Januari na Februari yanakuwa ndani ya nyumba wakati uleule mvua inapopiga kwa nguvu. Mkulima amepalilia, amepambana na wadudu, amevuna, amepukuchua, amekausha na kupepeta. Halafu tundu la msumari mmoja linaharibu kazi ya mwaka mzima. Na sisi tunaopanga, yaani watumishi, wanunuzi wa mazao na vijana wanaoanza maisha, tuna mzigo wa ziada. Paa linalovuja si letu, ila kinacholowa ni chetu.

Ninachotaka ukiondoke nacho leo ni hiki: usimsubiri mwenye nyumba ndipo uokoe mali yako, na pia usimtengenezee nyumba yake kimyakimya. Mali okoa leoleo. Paa lilipwe na kodi ya nyumba, kwa maandishi, na ikiwezekana kabla mvua haijaanza.

Ilivyotokea hapa kwetu

Nyumba ninayopanga hapa Matiri ina sehemu tatu chini ya paa moja la bati. Mimi nina vyumba viwili. Upande wa pili yupo mama mmoja anayenunua mahindi na kuuza mahitaji ya dukani, naye ana chumba cha kulala na chumba cha stoo. Sehemu ya tatu ilikuwa tupu mwaka huo. Mwenye nyumba ni mzee wa heshima hapa kijijini, anaishi ng'ambo ya uwanja, na shamba lake la kahawa liko juu milimani.

Agosti 2023 upepo wa kiangazi ulinyanyua kofia ya paa na kung'oa misumari upande wa stoo ya jirani yangu. Nilimfuata Mzee siku hiyohiyo, nikamwamkia, nikamweleza.

"Nimekusikia, Bwana Shamba," akasema. "Ngoja malipo ya kahawa yatoke."

Oktoba nilimwandikia barua fupi, nakala mbili, moja nikabaki nayo ikiwa na sahihi yake. Akamleta fundi, fundi akapanda, akapima, akataja gharama, akashuka. Kukawa kimya. Novemba mvua za kwanza zikadondosha matone machache, tukaweka ndoo. Mwaka ule Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilikuwa imeshatangaza El Niño. Nilimwambia Mzee na hilo pia. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Mwanangu, Mungu atatusaidia."

Katikati ya Januari 2024 ikanyesha usiku kucha. Papi mbili zilizokuwa zimeoza zikaachia, bati tatu zikafunguka kama mlango, na maji yakamiminika juu ya stoo ya jirani na kwenye kona ya chumba changu. Mimi nilikuwa na magunia saba, ndiyo chakula cha nyumbani na ada ya mdogo wangu. Yalikuwa juu ya chaga, mbali na ukuta, nikayavuta upande mkavu. Jirani alikuwa na magunia zaidi ya ishirini, mfuko wa urea na katoni za sabuni, na sehemu ya mtaji ule ilikuwa ni mkopo wa VICOBA.

Mvua zile zilitesa nchi nzima. Hadi mwishoni mwa Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamekufa kutokana na mvua na mafuriko. Kwa hiyo sisi tulikuwa na bahati. Hata hivyo, mwenye magunia yaliyolowa hafarijiki kwa kusikia kwamba kuna waliopata makubwa zaidi.

Tundu dogo lina maji mengi

Watu hudharau tundu kwa sababu hawajapiga hesabu. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 6 kwa mita 10 ni mita za mraba 60. Mvua ya milimita 40 kwa usiku mmoja, ambayo kwetu Januari si ajabu, inaliletea paa hilo lita 2,400. Maji yote hayo yanatafuta pa kushukia, na penye kofia iliyonyanyuka ndipo yanapopenda.

Hata tone peke yake. Tone moja kila sekunde linakusanya zaidi ya lita moja ya maji kwa usiku mmoja. Lita hiyo haigawanyiki sawasawa kwenye gunia zima. Inaishia kwenye kilo chache za mahindi palepale inapodondokea, na hapo ndipo kuvu huanzia.

Halafu kuna ukuta. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo badala ya saruji. Maji yakiingia juu ya ukuta, udongo unalainika na tofali zinapoteza mshikamano. Ukiona ukuta umetoa tumbo, au umefunguka ufa unaopitisha kidole, ondoa watu kwanza, magunia baadaye.

Usiku wenyewe na siku inayofuata

1. Zima umeme kwenye meini swichi, mkono ukiwa mkavu na wewe ukiwa umesimama pakavu. Kama maji yameshafika kwenye swichi yenyewe, usiiguse. Toka nje, zuia wengine wasiingie, na wapigie TANESCO.

2. Usipande juu ya bati wakati wa mvua au likiwa limelowa. Bati linateleza, na papi iliyooza haikubebi.

3. Hamisha mali kwanza, kufagia maji baadaye. Anza na mahindi, kisha mbolea, saruji, chumvi na sukari. Urea hunyonya unyevu na kuganda, na saruji ikishalowa haina kazi tena.

4. Funga turubai ndani, chini ya paa, ukilibana kwenye kenchi liwe na mteremko wa kuelekea kwenye ndoo au mlangoni. Si tiba, lakini linakupa siku kadhaa.

5. Tenganisha magunia yaliyolowa na makavu usiku huohuo. Gunia lililolowa likilala juu ya kavu, asubuhi una mawili yaliyolowa.

6. Piga picha kabla hujafagia. Paa, ukuta, sakafu, magunia na idadi yake. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha. Kisha mwite jirani au mwenyekiti wa kitongoji aje aone kwa macho yake. Picha inaonyesha hasara, shahidi anathibitisha kwamba ni ya kwako na ni ya siku hiyo.

Kuhusu mahindi yaliyolowa

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko kodi.

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ukiwa huna kipimo, tumia chumvi. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, weka mahindi kiasi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha acha kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Chumvi isipoganda, yako karibu na ukavu unaotakiwa. Endelea kuyaanika siku moja zaidi ndipo uyafunge.

Mahindi yaliyolowa jana na hayajabadilika rangi wala harufu yanaweza kuokolewa. Yamwage kwenye turubai, tabaka jembamba, yageuze mara kwa mara, na mvua ikitishia yaingize ndani. Lakini usiyafunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa yakiwa na unyevu. Mifuko ile inaua wadudu, haikaushi mahindi.

Yale yaliyoota kuvu, yenye rangi ya kijani, nyeusi au ya njano isiyo yake, au yenye harufu ya uvundo, hayo ni hadithi nyingine. Kuvu hao wanaweza kuacha sumukuvu. Sumukuvu haionekani kwa macho. Haitoki kwa kuosha, haiishi kwa kupika ugali, na haiishi kwa kupika pombe. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 na wakafa 125, na uchunguzi ulionyesha kwamba miongoni mwa sababu ni mahindi yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Kwetu Tanzania, mwaka 2016, ilitokea Dodoma na Manyara, na watu 20 walifariki.

Siku ya tatu baada ya mvua ile, jirani yangu alikuwa ameshatenga magunia. Mengi yalikuwa makavu, mengine manne tuliyaanika yakapona, na matatu yalikuwa yameota kuvu katikati. Akaniambia amepata mteja wa hayo matatu, wapika komoni, kwa nusu bei.

Nikamwambia, "Dada, hayo usiyauze."

"Bwana Shamba," akanijibu, "wewe mwisho wa mwezi unapokea mshahara. Mimi Jumamosi VICOBA wananisubiri. Au utanilipia wewe?"

Sikuwa na jibu la swali hilo, na sidhani kama lipo. Nilichoweza kumpa ni zile takwimu za Kenya na Dodoma, na kumkumbusha kwamba wanywaji wa komoni hiyo ni watu tunaowajua kwa majina, pamoja na fundi atakayekuja kutuezekea. Alikaa kimya muda mrefu. Jioni akaniita nimsaidie kuchimba shimo nyuma ya choo, tukayafukia. Magunia matatu ya mahindi yanapoingia shimoni jioni ya Januari, wakati kila mtu anatafuta chakula, si jambo la kufurahisha. Watoto walisimama wakitutazama.

Nakueleza haya ili uone kwamba paa linalovuja halimalizi hasara kwa mpangaji peke yake. Linaweza kuipeleka hasara hiyo kwenye bakuli la mtu mwingine. Ukiwa mfanyabiashara, usichanganye mahindi ya kuvu na mazuri ili kufidia. Usiwape kuku pia, sumu hiyo inawadhuru nao.

Kwa nini mwenye nyumba anachelewa

Baada ya kufukia, mimi na jirani tulikwenda kwa Mzee pamoja. Jirani alikuwa ameshaapa halipi tena hata shilingi. Baadhi ya watu walishaanza kunisema kwamba mtumishi wa serikali anamwandama mzee wa watu.

Mzee hakubishana. Alituingiza ndani kwake. Juu ya kitanda chake kulikuwa na sufuria mbili zinazokinga maji.

"Na kwangu kunavuja," akasema. "Pesa ya kahawa imeingia kwenye mbolea na kwenye ada za wajukuu. Mlitaka niwaibie nani?"

Hapo nikaona jambo ambalo tangu siku ile naliona katika nyumba nyingi. Wapo wenye nyumba wakaidi, ndiyo. Lakini wengi wa hapa kwetu ni wakulima kama sisi. Pesa wanaipata wanapouza mahindi na kahawa. Ikifika Desemba na Januari mfuko ni mtupu: mbolea ya kukuzia, sare za shule, chakula. Na mvua inakuja wakati huohuo. Kodi zetu nazo, kwa desturi, wengi tunalipa miezi sita sita, Januari na Julai. Ile ya Januari inapoingia mkononi mwake, paa limeshavuja na pesa ina wenyewe kumi wanaoisubiri. Kwa hiyo kumpigia kelele Januari ni kama kumdai maziwa ng'ombe aliyekauka. Pesa ya paa ipatikane kabla ya Novemba, na pesa ambayo mpangaji ana uwezo nayo ni kodi yake mwenyewe.

Kukata gharama kwenye kodi

Siku ile kodi yangu ya miezi sita ilikuwa inadaiwa: shilingi 35,000 kwa mwezi, jumla 210,000. Nilimwambia Mzee kwamba pesa ninayo, na nikapendekeza itengeneze paa kwanza. Tukamwita mwenyekiti wa kitongoji na fundi. Hesabu ilikuwa hivi:

Bati 3 kwa 24,000: 72,000
Kofia 2 kwa 12,000: 24,000
Misumari ya bati yenye mipira, kilo 2 kwa 7,000: 14,000
Mbao za papi 3 kwa 6,000: 18,000
Ufundi: 30,000
Usafiri: 6,000
Jumla: 164,000

Mzee alipokea 46,000 zilizobaki, mkononi, mbele ya mashahidi. Siku nne baadaye mvua ilipopumzika, fundi alipanda akamaliza kabla ya jioni.

Kwa jirani, Mzee alikubali asilipe kodi miezi mitatu, 20,000 kwa mwezi, yaani 60,000. Haikufikia hata nusu ya hasara yake, na sote tulilijua hilo. Alikubali kwa kuwa kupata zaidi kungemchukua miezi ya kupanda na kushuka barazani. Julai alihamia kwenye chumba chenye paa zuri zaidi. Hawakuachana kwa ugomvi.

Mkikubaliana, andikeni. Maneno hayahitaji kuwa ya kisomi. Sisi tuliandika hivi, nawe unaweza kunakili na kujaza ya kwako:

"Leo tarehe ..., mimi ... (mwenye nyumba) na mimi ... (mpangaji) tumekubaliana kuwa paa la nyumba iliyopo kitongoji cha ... litengenezwe na fundi ... kwa gharama isiyozidi shilingi ... Gharama hiyo italipwa na mpangaji na itahesabiwa kuwa kodi yake ya kuanzia mwezi ... hadi mwezi ... Risiti zitaambatanishwa. Vifaa vitakavyowekwa ni mali ya mwenye nyumba, mpangaji hatavidai atakapohama. Mashahidi: ..."

Nakala tatu: yako, yake, na moja ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Yale maneno "isiyozidi" usiyaache. Bila hayo, mwenye nyumba anaogopa kwamba utamjengea paa jipya kwa kodi ya miaka mitatu. Na sentensi ya vifaa kuwa mali yake inazuia ule ugomvi wa mpangaji kung'oa bati siku ya kuhama.

Usitengeneze kwanza ndipo uombe kukatiwa. Ukifanya hivyo, mwenye nyumba ana haki ya kukuuliza ni nani aliyekutuma.

Akikataa kabisa

Mimi si mwanasheria, ila haya ni vizuri uyajue. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inamwekea mpangishaji wajibu hata kama mkataba wenu haukuutaja. Anapopangisha sehemu tu ya jengo, kutunza paa, kuta kuu za nje na mifereji mikuu ni juu yake. Chumba cha kuishi nacho lazima kifae kukaliwa na binadamu muda wote wa upangaji. Upande wako, wajibu wa kwanza ni kulipa kodi. Ndiyo maana sishauri kugoma kulipa kimyakimya. Siku mkifika mbele ya wazee, yeye atasema unadaiwa, na wewe utakuwa umeanza na deni.

Panda ngazi moja baada ya nyingine:

Kwanza barua. Taja tarehe, kinachovuja, unachoomba na siku unazompa. Nakala isainiwe kwamba imepokelewa. Akikataa kusaini, ipeleke mbele ya shahidi na uandike jina la shahidi.

Pili, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Mengi huishia hapa, kwa sababu hakuna anayetaka kusikika kijiji kizima.

Tatu, Baraza la Ardhi la Kijiji. Hawa ni wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yao ni kusuluhisha.

Nne, Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hili halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi. Linasuluhisha, na lina siku 30. Likishindwa linathibitisha hivyo, nawe unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kabla ya kufika huko juu, piga hesabu ya nauli, siku za shamba utakazopoteza, na thamani ya unachodai. Mara nyingi ni nafuu kuhama ukiwa na amani. Lakini mwenye hasara kubwa, kwa mfano mnunuzi aliyepoteza magunia hamsini, asiogope kwenda, na aende na picha, barua na majina ya mashahidi. Unaweza pia kuuliza wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo.

Kalenda ya paa

Kama mahindi yana kalenda yake, paa nalo liwe na yake.

Julai na Agosti, baada ya kuvuna na kabla ya kujaza stoo: ingia ndani saa sita mchana, funga mlango na madirisha, subiri macho yazoee giza, kisha tazama juu. Kila mahali unapoona mwanga wa jua, maji yatapita. Weka alama kwa mkaa kwenye kenchi au ukutani. Mwite mwenye nyumba aje aone mwenyewe, maana mwanga ule haubishaniwi. Tikisa papi kwa mkono, uone kama zimeoza.

Septemba: matengenezo. Mafundi hawajazidiwa na kazi, barabara ni kavu, na bati la kukodi usafiri linafika bila kuzungushwa.

Oktoba: sikiliza utabiri wa TMA wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Safisha mtaro wa kuzunguka nyumba, maji yasisimame kwenye msingi.

Novemba: mvua ya kwanza ndiyo mkaguzi wa mwisho. Usiku ule usilale tu, amka na tochi uzunguke stoo.

Msimu wote: magunia juu ya chaga, yasiguse ukuta, na pawe na nafasi ya mtu kupita nyuma yake. Wale wenye stoo, msipange magunia chini ya mgongo wa paa penye kofia kama mna pengine pa kuyaweka.

Na kodi isogezwe. Mimi na Mzee tulifanya hivi: Julai 2024 nililipa miezi mitatu tu badala ya sita. Kwa hiyo malipo yangu makubwa sasa yanaangukia mwisho wa Septemba. Tunakutana siku hiyo, tunalitazama paa pamoja, tunatoa kwanza gharama ya kurekebisha, kinachobaki anapokea. Mwaka ule ilikuwa ni misumari na kipande cha gata, shilingi 18,000. Msimu uliofuata tulivuja mara moja tu, kidogo, pembeni ya dirisha. Hata yeye alibakiza kiasi akarekebisha juu ya kitanda chake.

Kama unasoma haya wakati wa mvua na ndoo iko sakafuni, anza na magunia, kisha picha, kisha barua. Kama unasoma kiangazi, kesho saa sita mchana funga mlango utazame juu, na kodi inayofuata usiilipe kabla wewe na mwenye nyumba hamjasimama chini ya paa hilo mkakubaliana.